Fundi deki wa Mwanga, Kigoma: mkanda wa harusi ulivyonirudishia igizo la Kaole

Jamani naomba niwape mrejesho wa huyu fundi anayehamisha mikanda ya zamani ya video kuingia kwenye flashi, maana watu wananifuata inboksi kila nikiposti kipande cha igizo la zamani, mara nimepata wapi, mara nauza shilingi ngapi. Siuzi. Na sijapata Dar, nimepata hapahapa Kigoma kwenye kabati la mama yangu, ila bila huyu fundi ingebaki ni mikanda ya plastiki imejaa vumbi tu.

Duka lenyewe halina kibao. Ukishuka kutoka soko la Mwanga ulizia fundi deki, hata bodaboda wanamjua. Mbele utaona redio, sabufa, pasi na feni zimefunguliwa tumbo, usikate tamaa ukadhani umepotea, kazi ya mikanda inafanyika nyuma ya pazia. Huko ana deki za VHS, zile mashine za kuchezea mikanda ya video, zimepangwa mpaka karibu na dari, nyingi ni mbovu, anazichinja kupata vipuri vya zile chache zinazofanya kazi, maana mpya hupati popote, kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Kwahiyo deki ikifa imekufa, labda upate nyingine ya kuifufulia.

Bei ni elfu nane kwa mkanda wa saa tatu, ukiwa na ukungu anaongeza elfu tatu. Flashi njoo nayo. Anazo za kuuza ila kusema ukweli ni zile ukishajaza mafaili mengi zinaanza kukuletea mazingaombwe.

Sasa mikanda yenyewe ilifikaje Kigoma. ITV, televisheni ya Dar, ilianza 1994, lakini huku kwetu kuipata ilikuwa mpaka dishi, na mwenye dishi mtaani alikuwa mtu wa kuamkiwa na watu wazima. Sisi tulikuwa na deki na tivii, stesheni hatuna. Baba mdogo alikuwa anafanya kazi reli Dar, basi akawa anarekodi maigizo ya kundi la Kaole ITV akiyapata, anampa mkanda mtu anayepanda treni, unasafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka stesheni ya Kigoma ndo uingie nyumbani. Igizo watu wa Dar wameliona na kulisahau, sisi ndo kwanza tunagombania mkeka wa mbele. Hii ni wakati Kaole Sanaa Group imeshika nchi, kabla wale waigizaji hawajahamia kwenye filamu za Bongo, Kanumba mwenyewe alipitia humo.

Lakini mkanda mtupu ulikuwa hela jamani. Ukishaangaliwa na ukoo mzima, unafanyaje? Unarekodi kitu kingine juu yake. Kwetu shangazi alipoolewa mkanda wa kurekodia harusi haukununuliwa, ulichukuliwa wa Kaole. Hakuna aliyeona kosa, igizo lilikuwa limeshaangaliwa, harusi ndo ilikuwa ya maana.

Na kabla hujacheka, BBC ya Uingereza na utajiri wake wote ilifanya hivyohivyo. Miaka ya 1960 na 1970 walifuta tamthilia zao kibao ili mikanda itumike tena, ilikuwa ghali sana na hakuna aliyewaza kwamba kuna siku watu watataka kuangalia upya. Inayozungumzwa mpaka leo ni Doctor Who. Mwaka 2013 mtafutaji mmoja anaitwa Philip Morris akatangaza kapata sehemu 9 zilizokuwa zimepotea, na hakuzipata London, kazipata Jos, Nigeria, kwenye stoo ya stesheni ya televisheni, kwasababu zamani BBC walikuwa wanauza kopi za filamu nchi za nje. Baada ya hapo zikawa zimebaki 97 ambazo picha yake hakuna, ila sauti ya zote 97 ipo! Unajua kwanini? Watazamaji wa kawaida walikuwa wanaweka kinasa sauti mbele ya tivii sebuleni kwao wanarekodi.

Ndo maana nasema watu wanaotafuta maigizo ya zamani wanakosea njia, wote wanawaza Mikocheni tu kule Dar, yalipo makao makuu ya ITV. Kitu kilichosafiri ndo kina bahati ya kubaki. Tafuteni kwa watu wa reli, kwa waliokuwa na vibanda vya video Ujiji na Gungu, kwa walimu waliohamishwa na deki zao.

Turudi kwa fundi. Nilimpelekea mfuko mzima. Mkanda wa kwanza kushika hakuuweka kwenye deki, alibonyeza kale kakitufe ka pembeni akainua mfuniko wa mbele, akausogeza kwenye taa akaunusa. Kisha akanionyesha kupitia kale kadirisha, kwenye kingo za mkanda uliojiviringisha kulikuwa na madoa meupe kama unga wa muhogo. Ndo ukungu wenyewe, kwa unyevunyevu wa ziwa na kabati lililobanana ukutani. Akaniambia, "Dada, huu usije ukauweka kwenye deki yoyote hivihivi, utachafua kichwa kinachosoma mkanda, na mkanda mwingine mzima ukifuata nao umeupaka." Akafungua zile skrubu tano za chini, akatoa magurudumu mawili na mkanda wake akavihamishia kwenye ganda lingine safi, alafu akaupitisha wote taratibu kwenye kitambaa chenye spiriti kwa mashine aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya deki iliyokufa. Kitambaa kikawa kinatoka kijivu. Kwa hilo tu mi nilikuwa tayari nimemvulia kofia.

Alafu kuna suala la spidi. Baba mdogo kwa kubana matumizi alirekodi baadhi kwa LP, yani mkanda wa saa tatu unabeba saa sita, picha inakuwa dhaifu na kuna deki haziisomi kabisa, inaleta chenga na sauti ya mzee aliyelewa. Nilishawahi kupeleka mkanda mmoja kwa fundi mwingine, mji mwingine simtaji, akaniambia umekufa nitupe. Huyu wa Mwanga akabadilisha deki, akacheza na kile kitufe cha trakingi, cha kutuliza picha, ukawaka. Chini ya picha panatetemeka kidogo ila sura unaziona na maneno unayasikia.

Sasa ule wa harusi. Mi niliupeleka kwa ajili ya shangazi tu, anataka kuona sura ya marehemu bibi. Mafundi wengi harusi ikiisha wanazima, wanakupa faili lako, wanadai chao. Huyu ana tabia ya kuuacha mkanda utembee mpaka mwisho kabisa, hata kama ni chenga tupu, anaendelea na pasi zake huku unatembea. Harusi ikaisha watu wako kwenye kuserebuka, ikakatika, giza, chenga, alafu ghafla sauti ikaja kabla ya picha, watu wanabishana kwa Kiswahili cha Dar, picha ikatulia, Kaole! Harusi haikujaza mkanda, kwahiyo nusu ya igizo ya mwisho ilibaki baada ya mkia wa harusi miaka yote hiyo na hakuna aliyejua. Mwanzo wake haupo tena, umelaliwa na shangazi akiingia ukumbini, lakini huku mwishoni kuna onesho zima mpaka majina yanapopita. Nilipiga kelele mpaka wateja wa mbele wakachungulia.

Mapungufu yapo na nitayasema. La kwanza ndo lililoniuma, anakata matangazo. Yeye anaona anakusaidia, nani anataka kuangalia tangazo la sabuni. Mzee wangu, matangazo ndo tarehe yenyewe! Igizo likikatishwa na tangazo la promosheni fulani, au wakakudokezea taarifa ya habari ya saa mbili usiku ina nini, hapo unajua ni mwaka gani na pengine mpaka wiki gani. Mafungu ya kwanza niliyochukua yalikuwa yamesafishwa safi, igizo linateleza vizuri lakini sijui ni la lini, ikabidi nimwombe kwa adabu arudie mikanda miwili. Alirudia bila hela nyingine, ila alinuna kidogo.

La pili anakubandikia namba yake ya simu kwenye kona ya picha, kubwa, ya njano. Ukimwambia mapema haweki. La tatu mikanda anaichezea kwenye tivii ya dukani sauti juu, kwahiyo harusi ya shangazi yangu wameiangalia wauza nyanya wote wa pale na kuna mmoja kamtambua shemeji yetu wa zamani, tuyaache. Kama una mambo yako ya siri humo kaa nayo mwenyewe. Na ahadi zake za "njoo kesho" zielewe kifundi, umeme ukisumbua ndo basi.

Kwangu anapata nyota nne. Ukienda mwambie kwanza kabisa: usikate kitu, usibandike namba, na mkanda wenyewe nirudishie kwenye ganda lenye lebo yangu ya zamani. Hilo la lebo muhimu, maana maandishi ya kalamu ya baba mdogo ndo ushahidi pekee nilionao wa nini kilirekodiwa wapi, na yeye akishahamisha ganda la zamani analitupia ndoo ya taka.

Na wewe mwenye mikanda ya harusi, kipaimara, maulidi, chochote cha miaka ile, usiishie sherehe inapoisha, acha itembee. Ukisikia waigizaji wanaongea niandikie, nauli ya kuja kuuchukua natoa mimi. Fundi yupo kuanzia saa tatu asubuhi, Ijumaa mchana usimsumbue yuko msikitini.