Tamiya TT-02 ya mitumba kwenye drifti: pesa iende wapi

Jambo yenu wote, mayaya na wadogo, karibuni tena hapa barazani Lubumbashi. Leo mezani tuna Tamiya TT-02, shasi ya Kijapani ya gari dogo la rimoti, kipimo cha 1/10 cha gari halisi, iliyoingia sokoni mwaka 2013. Hii ni ya mitumba. Vumbi letu jekundu limejaa mpaka ndani ya gia. Nimeifungua yote na kuifunga upya iwe ya drifti, yaani kupita kona kwa kuteleza ubavu.

Tuanze na skrubu. Nasogeza kamera, mnaona kichwa hiki kilivyoliwa? Bisibisi ya msalaba ya kawaida, ile ya soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa, siyo ya Nairobi), haikai vizuri humu, kwa sababu skrubu hizi zinafuata kipimo cha Kijapani, JIS. Tafuta bisibisi ya JIS. Tena zinaingia kwenye plastiki tupu, kwa hiyo wakati wa kurudisha, zungusha kwanza kinyume, polepole, mpaka usikie "tik". Hapo imeangukia njia yake ya zamani, sasa bana. Ukilazimisha itachimba njia nyingine, na kesho haishiki tena.

Bushi za plastiki toa zote, weka beringi za 5 kwa 11 mm, zenye kifuniko cha raba. Kwa kiangazi chetu hilo halina mjadala.

Sasa kazi yenyewe. TT-02 inavuta magurudumu yote manne kwa shafti ndefu ya katikati. Mimi nataka nyuma pekee isukume, hivyo nimetoa shafti hiyo pamoja na vijishafti viwili vya mbele. Vikombe vya ekseli viache, ndivyo vinavyoshika gurudumu. Na hapa kuna faida ambayo wengi hawaioni: vijishafti vile ndivyo vilivyokuwa vinabana usukani, maana gurudumu likigeuka sana vinachomoka. Vikishaondoka, piga tupa kwenye vizuizi vya usukani, kidogo kidogo, uone tofauti. Haitafika nyuzi 60 kama shasi zilizoundwa kwa drifti, lakini inatosha kucheza. Difu ya nyuma, ile gia inayoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, nimeijaza gundi ya moto, tairi zote mbili ziende pamoja.

Ila mbele isipovuta, mkia unakimbia kuliko kidole chako. Ndiyo maana ya jairo, haka kadude kanakokaa kati ya risiva (kipokezi cha rimoti) na servo (mota inayogeuza usukani) na kurudisha usukani kabla wewe hujafikiri. Kapime hivi: inua gari, sukuma mkia kulia. Magurudumu ya mbele lazima yageuke kulia pia. Yakienda kushoto, badilisha mwelekeo kwenye jairo, la sivyo gari litazunguka kama pia. Ukiona magurudumu yanatetemeka yenyewe, umepandisha nguvu kupita kiasi, shusha. Na servo iwe ya haraka. Ile ya pole inafika mkia ukiwa umeshaondoka.

Tairi? Pete za bomba la PVC, upana 26 mm, nimezibana juu ya tairi kuukuu. Sikilizeni zinavyolia kwenye saruji hii laini... eeh! Mchanga ukiingia, utelezi unabadilika palepale, kwa hiyo fagia kwanza.

Wadogo mnaniuliza kila siku moteri ya 10.5T, ile yenye kasi kali. Ya nini, kwenye baraza? Nimeacha moteri ya kawaida, 540 ileile iliyokuja nayo. Vipuri vya alumini ya buluu navyo vinapendeza kwenye picha, basi. Kilichonisaidia zaidi ni vipande vya risasi vya gramu 5, vile vya kubandika ambavyo fundi wa tairi anasawazishia rimu za gari. Nimevibandika nyuma, na tairi za nyuma zimeanza kusukuma vizuri.

Betri ni LiPo (ya lithiamu) ya seli 2, volti 7.4. Seli isishuke chini ya volti 3. Kama kidhibiti kasi chako hakina kinga ya kukata umeme hapo, chomeka king'ora kidogo cha kukuonya. Na chaji ukiwa nyumbani, siyo umelala.

Je, ununue? Kama TT-02 unayo tayari, fanya, kwa mpangilio huu: tairi, jairo na servo, halafu usukani. Kama unaanzia sifuri na unataka drifti tu, ongeza pesa uchukue Yokomo YD-2 au MST RMX. Hizo zimeundwa nyuma isukume tangu mwanzo, na hutahitaji tupa.