Gari za toleo maalumu kama uwekezaji: hela inazaa au inalala?

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke na kitu. Kama gari, hizi mashine zenye kibati cha namba pale karibu na gia, kinachokwambia yako ni ya ngapi kati ya zilizotengenezwa, nazipa nyota tano na sibishani na mtu. Kama sehemu ya kuweka akiba yako nazipa nyota mbili, na hiyo ya pili nimeitoa kwa sababu kuna chache kweli zimewatajirisha watu. Muuzaji akikwambia chukua hii, zimetengenezwa 500 tu dunia nzima, haiwezi kushuka bei, jua hapo anakuuzia namba, na namba peke yake haijawahi kupandisha bei ya gari.

Chukua Ferrari F40 na Jaguar XJ220, gari za kizazi kimoja, zote za tabo (turbo) mbili, zote kali. F40 ilitoka 1987 ikasemwa zitatengenezwa kama 400, kiwanda kikaendelea tu kutoa mpaka zikapita 1,300. XJ220 hazikufika hata 300. Kwa hesabu ya uchache Jaguar ndo ingekuwa juu, lakini leo F40 inavuka dola milioni 2 na XJ220 imeachwa mbali sana. Kisa ni kwamba mwaka 1988 Jaguar walionyesha XJ220 ya V12, yaani injini ya silinda 12, inayovuta matairi yote manne, watu wakaweka amana ya pauni 50,000, halafu 1992 wakaletewa V6, silinda sita, inayosukuma nyuma tu, bei nayo imepanda hadi karibu pauni 470,000, na hapo katikati uchumi umeshaanguka. Watu wakagoma kuchukua gari, wengine ikabidi wafikishane mahakamani. Ilikuwa na mbio kuliko karibu kila kitu barabarani kipindi kile, ila ile doa ya mwanzo haikutoka miaka na miaka.

Na hata F40 usiitazame kwa bei ya leo tu. Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni, alifariki Agosti 1988, bei za Ferrari zikapaa, watu wakawa wananunua F40 kwa mara kadhaa ya bei ya kiwandani wakiamini kesho watapata mjinga wa kumuuzia zaidi, kufika mwanzoni mwa miaka ya 90 soko likapasuka na aliyenunua pale juu kabisa akakaa na hasara kwa miaka mingi sana. Gari ni ile ile na kibati ni kile kile. Kwahiyo ukiulizwa kama F40 ni uwekezaji mzuri, we uliza kwanza ilinunuliwa lini.

Sasa kitu ambacho wanunuzi wengi hawakitazami ni hiki, uchache wa toleo maalumu sio mali yako, ni mali ya kampuni, na kampuni inaweza kuamka asubuhi ikaubadilisha. Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Porsche 911 R ya 2016. Zilitoka 991, injini ya lita 4.0 isiyo na tabo, nguvu za farasi 500, na kubwa kuliko yote, gia za manyuo, ile ya kukanyaga klachi mwenyewe, wakati ambao GT3, ndugu yake kwenye familia ya 911, ilikuwa inakuja na gia za PDK tu, zile zinazojibadilisha bila klachi ya mguu. Nchini Marekani bei yake ilikuwa kama dola 185,000 na ndani ya miezi michache watu walikuwa wanaitaja kwa mara mbili na zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata Porsche wakarudisha manyuo kwenye GT3, halafu Septemba 2017 wakatoa GT3 Touring, haina lile bawa kubwa la nyuma, injini lita 4.0, farasi 500, klachi ipo, na haina idadi maalumu, we agiza tu. Yani karibu kila kitu kilichokuwa kinafanya 911 R ionekane haipatikani kikawa kinapatikana. Bei ya 911 R ikaporomoka. Haikurudi chini ya bei ya mwanzo, hilo niseme kwa haki, aliyeipata kwa bei ya kiwandani yuko salama mpaka leo, aliyeumia ni yule aliyeinunua mkono wa pili kwa bei ya moto. Na wengi wetu, tuwe wakweli, tungekuwa huyo wa mkono wa pili, kwa sababu 911 R walipewa kwanza waliokuwa wamenunua 918 Spyder, Porsche nyingine ya bei kubwa zaidi. Hapo ndo kuna gharama ambayo haiandikwi popote, ili uwekwe kwenye orodha ya kupata ile gari ya faida inabidi uwe umeshanunua gari zingine ambazo zimekushukia bei mkononi. Faida ya ile moja ukiitoa kwenye hasara ya zile nyingine unakuta hesabu imebadilika kabisa.

Ford GT hivyo hivyo. Walianza kwa kusema 500, baadaye wakaongeza hadi 1,350. Aliyenunua akiamini ni mmoja kati ya watu 500 akajikuta ana wenzake wengine 850, na hakuna wa kumlalamikia.

Halafu kuna uchache wa kukosa wateja, huu nao unauzwa kama dhahabu. McLaren Elva ilitangazwa 399, ikashushwa 249, ikashushwa tena 149. Waswahili wanasema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, ingawa kwenye gari huu msemo unaweza kukudanganya pia, maana Lexus LFA nayo ilijitembeza sana. Hii ilitengenezwa 500 tu, V10 ya lita 4.8 yenye sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau, bei yake Marekani ilianzia dola 375,000, watu wakasema kwa Lexus hela yote hiyo ya nini, na miaka kadhaa baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza mwishoni mwa 2012 bado kulikuwa na mpya hazijauzwa kwenye shorumu. Leo zinauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ile. Hapo ndo nikajifunza kuangalia gari yenyewe badala ya kelele, injini ya aina ile haitengenezwi tena na sheria za moshi na kelele zinahakikisha haitarudi.

Ila ngoja tupige hesabu na hiyo LFA, kwa sababu hiyo ndo stori ya ushindi. Umenunua kwa 375,000 mwaka 2012, tuseme umeuza kwa 800,000 mwaka 2022. Hiyo ni kama asilimia 8 kwa mwaka, safi. Miaka hiyo hiyo kumi S&P 500, kile kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilitoka kama pointi 1,426 mwisho wa 2012 hadi kama 3,840 mwisho wa 2022, na 2022 ulikuwa mwaka mbaya wa hisa. Hiyo ni karibu mara 2.7. LFA ili ilingane ilitakiwa iuzwe kama dola 1,010,000, na hapo sijahesabu gawio upande wa hisa wala sijagusa bima, gereji, sevisi na komisheni ya mnada upande wa gari. Komisheni tu kwenye minada mikubwa inaweza kula asilimia kumi au zaidi ukijumlisha pande zote mbili.

Na gharama ya gari iliyosimama watu hawaijui mpaka iwapate. Gari ikikaa bila kutembea tairi zinapata ubapa pale zinapokanyaga chini, petroli inaoza ndani ya tenki, oili sili zinakauka na kuanza kuvujisha, diski za breki zinashika kutu, betri inakufa. Kwenye Ferrari nyingi za miaka ya 90 na 2000 vitufe vya dashibodi vinaanza kunata kama pipi iliyolambwa, ukivigusa kidole kinatoka na weusi, na mtu anakulipisha vizuri tu kuvisafisha kimoja kimoja. F40 ina mifuko ya mpira ndani ya tenki za mafuta, ile mifuko ina umri wake, kila baada ya miaka kama kumi unatakiwa ubadilishe hata kama gari haijatoka nje, na bei yake sio ya kuzungumza kwa sauti. Ukiamua basi niiendeshe isioze, kila kilomita inayoongezeka kwenye dashibodi inakata thamani, kwa sababu mnunuzi anayekuja anataka ile ambayo haijaguswa. Hili linaniuma kweli. Watu wameumiza vichwa kutengeneza usukani unaoongea na mikono yako, halafu chombo kinafunikwa turubai miaka ishirini kwa sababu ya hela ambayo hata mfuko wa hisa wa kawaida ungekupa bila kelele.

Mtu atanitajia ile Mercedes 300 SLR Uhlenhaut Coupé iliyouzwa euro milioni 135 mwaka 2022. Ni kweli, lakini zilitengenezwa mbili tu, mwaka 1955, na zote zilikuwa mikononi mwa Mercedes wenyewe muda wote huo. Haikuwahi kuwa shorumu, kwahiyo haikusaidii chochote wewe unayetaka kuagiza gari mwaka huu.

Kodi nayo uliza kabla, inatofautiana sana. Uingereza gari kwa kawaida haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, Marekani faida ya vitu vya kukusanya inaweza kukatwa hadi asilimia 28. Faida ile ile, mfukoni kinabaki kitu tofauti kabisa.

Nani anunue basi? Anayeweza kuipata kwa bei ya kiwandani, anayeipenda kiasi kwamba ikishuka nusu bado ataamka Jumapili kuiendesha, na ambaye hela hiyo sio ya ada wala ya nyumba. Atazame vitu ambavyo kampuni haiwezi kurudia kesho, injini isiyo na tabo ambayo sheria zimeifunga, klachi, mwili mwepesi, historia ya mbio. Ikiwa ni rangi maalumu na viti vilivyoshonwa nyuzi nyekundu tu, hapana.

Na soma mkataba wote kabla hujasaini, hasa kipengele cha kuuza. Ford GT ilikuja na sharti la kutouza ndani ya miezi 24, mcheza mieleka John Cena alivyouza yake mapema Ford walimpeleka mahakamani 2017 mpaka wakamalizana mwaka uliofuata. Porsche kwenye 911 S/T ya 2023 waliwapa wateja wa Marekani kwa kukodisha mwaka wa kwanza, umiliki baadaye. Maana yake muda ule ambao bei ipo juu kabisa, kabla msisimko haujapoa, wewe huruhusiwi kuuza, na ukifika wakati wa kuruhusiwa kila mwenzako naye ameruhusiwa siku hizo hizo na wote mnatafuta mnunuzi yule yule.