Njia ya mwongo si fupi: siku mbili kwenye milima ya Mazatzal

Nimejizuia kuandika haya kwa muda, nikitumaini hasira itaisha kabla ya mikwaruzo. Mikwaruzo imepona. Basi naandika.

Huduma ninayoizungumzia ni ya kampuni moja ndogo, jina nalihifadhi, inayowapeleka watu kwa gari mpaka zinapoanzia njia za miguu katika milima ya Mazatzal, Arizona, inakodisha hema na majiko, na kwa mujibu wa tangazo lao wenyewe inatoa "maelezo ya kina kuhusu hali ya njia". Hayo maelezo ya kina nimeyalipia, na ndiyo yaliyonileta hapa. Urefu wa njia, mwinuko, kibali na mengine ya aina hiyo mtayatafuta wenyewe.

Nilikwenda na shemeji, kaka wa mke wangu. Ilikuwa majira ya kuchipua, tarehe imenitoka, ila joto la jangwani lilikuwa bado halijaanza ukorofi wake. Mpango ulikuwa wa shemeji: tupande kwa njia ya Barnhardt, tulale juu, tufuate mgongo wa milima kwa njia ya Divide, kisha tushuke kwa Y Bar mpaka pale pale tulipoanzia. Kwenye ramani ni mduara mzuri, utadhani umechorwa kwa kuzungushia sahani.

Mimi nina tabia ya kuuliza. Nilishasoma habari za moto wa Willow wa mwaka 2004, ule uliowashwa na radi ukala karibu hekta 48,000 za milima hii. Nikamuuliza bwana wa kaunta: Y Bar ikoje siku hizi? Vichaka havijaifunga? Alikuwa anatazama simu. Hakuinua uso. Akasema, "Njia ipo."

Nikauliza tena, kwa adabu, maana labda swali langu ndilo lililokuwa bovu. Najua ipo, lakini inapitika? Hapo akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akamgeukia shemeji, akamjibu yeye, mimi nimesimama pale pale: "Njia ipo. Imechorwa kwenye ramani." Akarudi kwenye simu yake.

Maelezo ya kina yaliishia hapo. Tukatia saini, tukatoa hela, tukabeba shanta zetu.

Siku ya kwanza siwezi kuisema vibaya, ingawa ningependa. Ukitoka Phoenix kwa barabara namba 87 unapita katikati ya misaguaro, yale madungusi marefu ya jangwani, iliyoinua mikono kama watu walioambiwa wasisogee, kisha gari linapanda na misaguaro inabaki nyuma. Msidhani jangwa hili ni mchanga. Ni mawe, na juu ya mawe ni vichaka. Njia ya Barnhardt imechongwa kwenye ubavu wa korongo, na upande wa pili kuna majabali ya kwatzaiti yaliyokunjwa kama shuka lililotolewa kabatini. Kuna mahali maji yanatiririka kwenye mwamba mweusi. Tulikaa hapo tukatia miguu. Vichaka vilikuwa vimefyekwa pembeni, unatembea mikono mfukoni. Nilimwambia shemeji huenda nimemwonea yule bwana. Tulilala mahali paitwapo Chilson, karibu na chemchemi, na kulipopambazuka bonde la mto Verde lilikuwa chini kule magharibi, buluu tupu. Kama safari ingeishia hapo, mngekuwa mnasoma sifa.

Asubuhi njia ya Divide nayo ilikuwa njema. Hii ni sehemu ya Arizona Trail, ile njia ndefu ya kilomita zipatazo 1,290 kutoka mpaka wa Meksiko hadi Utah, kwa hiyo ina wenyewe: watu wa kujitolea huja kuifyeka. Tofauti nilikuja kuielewa tulipokunja kushoto kuingia Y Bar. Hatua thelathini za mwanzo kulikuwa na mkanyago. Hatua ya thelathini na moja sikuona mahali pa kuweka mguu.

Niwaeleze kilichotokea milimani humu, maana bila hilo mtadhani nalalamikia majani. Moto haukuviondoa vichaka, uliviachia uwanja. Misonobari mirefu iliyokuwa ikitoa kivuli ilikufa ikiwa imesimama. Jua likafika chini. Mialoni mifupi ya huku, ambayo majani yake yana meno pembeni, ikiungua juu huchipua upya kutoka kwenye shina la chini, mashina kumi mahali pa moja. Manzanita yenyewe huacha mbegu zake udongoni zikalala miaka na miaka, na moto ndio huziamsha. Mti wenye gome jekundu, laini, wa kupendeza pichani. Matawi yake hayapindi, hayo. Yamekaa kimo cha kiuno na kifua, na kila tawi limekusudia kamba moja ya shanta lako.

Halafu kuna ule mgunga mdogo ambao wenyeji huuita ngoja kidogo. Miiba yake imepinda kama kucha za paka, ncha zinatazama nyuma. Ukikunasa ukavuta, unazidi kuingia. Dawa yake ni kurudi hatua moja ulikotoka, unyanyue nguo, kisha ujaribu upya. Sasa fikiria mtu mzima mwenye kilo kumi na tano mgongoni, kwenye mteremko wa mawe yanayoviringika, anarudi nyuma hatua moja kila anapokwenda mbili. Suruali yangu ilikuwa ya kitambaa ambacho muuzaji alisema hakichaniki (huyo naye ana zamu yake siku nyingine). Ilipofika saa nne asubuhi goti la kulia lilikuwa nje. Saa tano, la kushoto likalifuata mwenzake.

Chini ya vichaka ndiko kuna hatari yenyewe, kwa sababu huoni unapokanyaga. Kuna jamii za mkonge zenye ncha ngumu zinazokungoja usawa wa muundi. Kuna mpungate. Kuna nyoka wa njuga, ambaye tulimsikia mara moja tu; alitikisa mkia mahali fulani kushoto, tukasimama kama misaguaro, na hatukujua kama kurudi ni salama kuliko kuendelea. Kuna magogo ya ile misonobari iliyokufa, ambayo zaidi ya miaka kumi na tano baadaye bado yanaanguka, moja juu ya jingine. Unapanda moja, unapita chini ya jingine kwa magoti, unatoka umepakaa masizi ya moto uliozimika zamani.

Tulitembea kwa muda wa saa tatu. Kwa simu ya shemeji, tulikuwa tumesogea kilomita moja na nusu. Na kwenye skrini ule mstari mwekundu ulikuwa umenyooka vizuri, nasi tuko juu yake hasa. "Tupo njiani," shemeji akasema, huku tawi limemshika sikio. Nami kichwani nasikia sauti ya kaunta: njia ipo, njia ipo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakufika Y Bar.

Nilikasirika nikawa sioni tena milima. Nilikuwa natunga barua. Nilitunga ya kwanza ya heshima, ya pili ya kisheria, ya tatu shemeji akaniambia niache kusema kwa sauti kwa sababu nachosha pumzi. Maji nayo yalikuwa yanakwisha. Tulikuwa tumepiga hesabu ya kushuka mapema mchana, na sasa jua lilikuwa linainamia upande wa pili wa mgongo. Hapa nikiri kosa langu: lita tatu kila mmoja hazitoshi kwa njia ambayo huijui, na hilo hakuniambia mtu yeyote vibaya, nililijua. Lakini ningejua njia ilivyo ningebeba tano. Kwa hiyo kosa langu lina baba yake.

Kisha tukafika kwenye lile gogo.

Lilikuwa limekatwa. Msonobari mnene, umelala kukatiza mteremko, na katikati yake pengo la upana wa mtu mwenye mzigo, kingo zote mbili zimenyooka, zimeshakuwa za kijivu kwa jua. Eneo hili ni pori lililohifadhiwa chini ya sheria ya mwaka 1964, misumeno ya injini hairuhusiwi. Maana yake kuna watu walipanda mpaka hapa kwa miguu wakiwa na msumeno wa mikono miwili, mmoja huku mwingine kule, wakavuta na kusukuma mpaka gogo likakatika, wakavingirisha kipande, wakashuka. Na katikati ya pengo walilolifungua ulikuwa umeota mwaloni. Umenizidi kimo.

Tulikaa hapo muda. Shemeji aliushika ule mwaloni, akautikisa kidogo kama anayesalimiana nao. Nikataka kuendelea kukasirika ikawa kazi. Maana njia ilikuwepo. Tulikuwa tumekaa juu yake. Ukipangua majani kwa kiatu unaona kabisa ukingo wa mawe uliopangwa na mtu, unakwenda, unapotea, unatokea tena. Mstari mwekundu haukudanganya. Yule bwana, kwa maana finyu kabisa ya neno, hakudanganya.

Hilo lilinirudishia hasira yote, na riba juu.

Tulishuka giza likiwa limeshaingia korongoni, taa kichwani. Dereva alikuwa ametungojea kwa muda wa karibu saa nne bila kuondoka, na hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Alitupa maji, akatoa boksi la plasta, akatuangalia miguu kwa tochi. Akauliza, "Mmeshukia Y Bar?" Tukasema ndiyo. Akapiga mluzi. "Huko mimi siendi hata kwa kulipwa."

Nikamwuliza asubuhi ya jana mdomo wake ulikuwa wapi. Akasema, "Mlisema ofisini mmeshapewa maelezo." Nilikuwa nimemwandalia nyota tano peke yake, nikatoa moja palepale. Kisha nikakumbuka saa nne alizokaa gizani nikairudisha. Nendeni naye, ni mtu mwema, ila muulizeni maswali kabla ya kushuka garini.

Kesho yake tulirudisha hema. Nilivaa ile suruali makusudi. Nilikuwa na hotuba. Bwana wa kaunta alikuwepo, safari hii simu imelala mezani, akapokea hema, akalikagua zipu moja moja kwa uangalifu ambao laiti angeuhamishia kwenye njia, kisha akaona magoti yangu. Akayatazama kwa utulivu.

"Njia si ilikuwepo?" akasema.

Na mimi, mwenye barua tatu kichwani, nikafungua mdomo nikaliona lile gogo. Kingo mbili zilizonyooka. Nikasema, "Ilikuwepo." Shemeji akatoka nje kwenda kucheka.

Kwa hiyo hukumu. Kampuni: nyota moja. Vifaa vyao ni vizima, bei yao si ya wizi, gari lilifika kwa wakati, lakini mtu anayeulizwa kuhusu njia na kujibu kuhusu ramani asikae kaunta, akae ghalani. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msithubutu kabisa kwenda. Sasa sina uhakika. Barnhardt mpaka Chilson na kurudi kwa njia hiyo hiyo, nendeni, hata na mtu asiyezoea kubeba mzigo, alimradi anaanza mapema na ana maji. Y Bar msiende. Au mkienda, suruali nzito, mikono mirefu, glavu za ngozi, maji mara mbili ya mliyopanga, na mhesabu kilomita moja kwa saa mbili, msihesabu kama watu wenye njia. Na muulize maneno haya haya: nani alipita mwisho, lini, na alitumia saa ngapi? Akiwajibu "njia ipo", ondokeni.

Nyota mbili, basi. Ya pili ni ya waliokata gogo, ingawa si wafanyakazi wao na fedha zangu hazikuwafikia.

Shemeji anataka turudi vuli. Nimemwambia hapana, mara mbili, mbele ya dada yake. Jumamosi nilifungua nyuma ya gari lake kutafuta jeki nikakuta mikasi miwili ya kukatia matawi, mipya, bado ina karatasi za dukani. Mmoja una mpini mfupi. Yeye ni mrefu.