Kudandia treni ya madini ya chuma Mauritania, Choum mpaka Nouadhibou: uzoefu wangu

Nianze na jibu maana najua wengi mnasoma mkitaka kujua kama hii safari inafaa au la: ndiyo inafaa, naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoikata ni kwa sababu ya vumbi. Baridi inavumilika, kulala juu ya mawe kunavumilika, kusubiri nako mtu unazoea, ila vumbi la hii treni usipojipanga nalo kabla hujapanda basi usiku mzima utakuwa unahangaika nalo na hakuna pa kushukia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya maelezo itakuwa vumbi, mnisamehe.

Kwa wasioijua, ni treni ya mizigo inayobeba mawe ya chuma kutoka migodi ya Zouérat kule kaskazini mwa Mauritania, ndani kabisa ya Sahara, kuyapeleka bandari ya Nouadhibou kwenye Atlantiki. Reli ni kilomita kama 700, imeanza kazi mwaka 1963, na sasa iko chini ya SNIM, kampuni ya madini ya serikali. Treni inafika urefu wa kilomita 2 na nusu, mabehewa 200 na ushee, kila behewa lina uwezo wa kubeba karibu tani 84, mbele kuna vichwa vitatu au vinne vya dizeli vimefungwa pamoja. Ikipita mbele yako unaangaliaaa mpaka unachoka, mkia bado haujaonekana. Mkiani huko ndiko huwa linafungwa behewa la abiria, nauli yake ndogo tu, lakini watu wengi wamekuwa wakipanda bure juu ya mzigo wenyewe, tangu miaka mingi kabla sisi wageni hatujaanza kwenda kupiga picha. Hili naomba lieleweke mapema. Ule ni usafiri wa watu, kuna wafanyabiashara, wachungaji na mbuzi wao, vijana wanaotafuta kazi bandarini, kina mama wanaorudi kwao, na ukienda pale na akili kwamba umelipia burudani utawakera wenzako na hutafurahia hata kidogo.

Tena usiichanganye na ile kudandia ya Marekani. Kule kupanda treni ya mizigo ni kosa la kuingia eneo la kampuni bila ruhusa, watu wanakamatwa, na wengi wanajaribu kuirukia ikiwa kwenye mwendo ndiyo hapo wanapoteza miguu na wengine roho. Mauritania treni inasimama, unapanda ngazi ikiwa imetulia. Ikianza kuondoka hujapanda, iache iende, hata kama umesubiri tangu asubuhi, kwa sababu ile gurudumu haikupi nafasi ya pili.

Njia niliyopita mimi ni kutoka mji mkuu Nouakchott kwenda mji wa Atar kwa gari la abiria, halafu Atar mpaka Choum, kijiji kilicho kwenye reli ambako nilipandia treni, kwa pikapu za kuchangia. Njiani kuna vizuizi vya askari vingi sana, na kila kimoja wanataka taarifa zako, kwa hiyo toa kopi za pasipoti nyingi kabla hujaondoka mjini, unagawa tu moja moja unaendelea na safari, mwenzangu mmoja ambaye hakuwa nazo tulikuwa tunasubiri aandikwe kwa mkono kila kituo na gari zima linamtazama. Dereva mmoja alijaribu kunitoza mara mbili akisema begi ni abiria, nikamsalimia vizuri kwa Kiarabu changu cha madrasa, wazee waliokuwa ndani wakacheka wakamwambia aache, yakaisha. Salamu kule ni mlango. Ukitoa asalaam aleykum ukaulizia hali na familia bila haraka, watu wanabadilika kabisa.

Choum penyewe ni vijumba, vibanda kadhaa vya duka na upepo. Treni yenye mzigo inatakiwa kufika jioni jioni lakini inaweza kuja usiku wa manane, na ukiuliza inakuja saa ngapi kila mtu atakupa saa yake. Swali linalosaidia ni moja, imeshatoka Zouérat au bado. Hilo wenye vibanda wanalijua maana wanapigiana simu na watu wa huko juu, na ukishajua imetoka unaweza kulala kidogo ukiwa na amani. Tumia muda huo kununua maji, mkate, dagaa za kopo, na funga mizigo yako yote upya.

Sasa hapo kwenye kufunga mizigo ndipo safari inapoamuliwa. Vumbi la yale mawe ni jeusi jeusi linalometameta, laini kuliko unga wa ngano, linapita kwenye zipu kana kwamba haipo. Kila kitu cha umeme weka ndani ya mfuko wa nailoni, funga fundo, weka ndani ya mfuko mwingine, kisha zungushia gundi ya tepu. Simu ndiyo inateseka zaidi, na sababu yake nilikuja kuiona asubuhi: spika ya simu ndani ina sumaku, na kwenye lile vumbi kuna chembe zinazovutwa na sumaku, zinajipanga pale kwenye vitundu kama nywele fupi zimesimama, ukifuta kwa kidole unazisukuma ndani zaidi. Dawa ni tepu, unabandika unabandua, unabandika unabandua mpaka zitoke. Earphone vilevile. Kamera nilimwona jamaa mmoja anabadilisha lenzi pale juu, nikamshauri aache kwa heshima tu, akaendelea, sijui ikawaje.

Kwa mwili wako, miwani inayoziba pembeni zote, ile ya mafundi wa kuchomelea au hata ya kuogelea, miwani ya jua haifai kitu. Barakoa nzuri ile ya kubana. Juu ya hapo kilemba kile kirefu wanachovaa wenyeji, mita kadhaa za kitambaa cha pamba, kinauzwa Atar kila mahali, na mwombe muuzaji akufundishe kukizungusha usione aibu. Nguo vaa zile ambazo uko tayari kuziacha. Blanketi zito au hata mawili, nilienda majira ya baridi, mchana unatoka jasho lakini usiku upepo wa jangwani ukichanganya na mwendo wa treni unaingia mpaka kwenye mifupa. Kuna wanaosema chukua turubai, mimi nakubali, unalaza chini nusu na nusu unajifunika.

Kupanda. Treni inasimama dakika chache tu, na kwa vile ina urefu ule, panapokukuta ndipo hapo hapo, usianze kukimbia kutafuta behewa zuri. Ubavuni kuna ngazi ya chuma, mmoja anatangulia juu, anapokea mabegi, wengine wanafuata. Ndani mawe yamerundikwa katikati na kwenye kingo yako chini kidogo, kwa hiyo unachimba shimo lako upande wa mbele wa behewa, ule ukuta unakukinga upepo. Kaa chini ya ukingo. Usikae juu ya ukuta na usisimame hata kama unataka picha, na sababu ni mshtuko. Yale mabehewa yakiunganishwa yanaacha nafasi kidogo kati ya moja na jingine, kichwa kikivuta au kikifunga breki ule mvuto unapita behewa kwa behewa, unausikia unatokea mbali huko mbele, da-da-da-da-da unakuja unaongezeka, halafu BAAM unafika kwako, behewa zima linaruka. Mara ya kwanza moyo unasimama. Baadaye ukisikia tu unashika kitu na kukaza mwili, na wenyeji utawaona wanashika glasi ya chai wakati huo huo bila hata kukatisha maongezi.

Chai ndiyo jambo ambalo sikulitegemea lingekuwa zuri vile. Behewa letu alikuwemo mzee mmoja na kijana wake, wana magunia ya tende wanapeleka Nouadhibou, treni ilipokolea mwendo kijana akachimba shimo kwenye mawe, akaweka jiko dogo la mkaa, akalikinga kwa magunia, na likaanza kuwaka. Mzee akapika chai ya kijani na mnanaa na sukari, anamimina kutoka juu kwenye glasi ndogo, anairudisha kwenye birika, anamimina tena mpaka povu linajaa, na yote hayo treni inatikisika na giza limeshaingia tunamulika kwa tochi. Raundi tatu kama desturi yao. Nikampa mkate na dagaa, akachukua kidogo kwa adabu, akaniita mwanangu, akanionyesha kwa mkono nilale upande gani. Kiarabu chao cha Hassaniya ni kigumu kwangu, nilishika neno moja kati ya matano, lakini nilielewa kuhusu watoto wake na bei ya tende na kwamba amepanda hii treni tangu ujana.

Usiku mwendo ni wa taratibu, kilomita 50 kwa saa au pungufu, na hakuna taa popote. Nyota ziko nyingi mpaka unazitafuta zile unazozijua huzioni kirahisi, Kilimia niliiona iko juu kabisa inang'aa, nikalala nikiwa naitazama na miwani usoni. Kulala si kubaya, mawe ukiyachimba vizuri yanakushika mwili, tatizo ni ule mshtuko unakuamsha kila ukipitiwa. Wanaotaka kuuona mwamba wa Ben Amera, lile jiwe kubwa mno la kipande kimoja lililoko jangwani kaskazini mwa reli, wasitegemee hii safari maana unapita gizani, uendee kwa gari.

Kitu kimoja cha kihistoria ambacho ukishakijua unaitazama ramani tofauti. Karibu na Choum kuna handaki la karibu kilomita 2 ambalo Wafaransa walilichonga ndani ya mwamba mgumu, kwa sababu tu upande wa pili ilikuwa Sahara ya Wahispania, ndiyo Sahara Magharibi ya leo, na hawakuelewana masharti ya reli kupita kona yao. Handaki halitumiki tena, siku hizi reli inakata ile kona pale pale juu ya ardhi. Na huo mpaka wa Sahara Magharibi unaandamana na reli sehemu kubwa ya njia, vita vya miaka ya 70 vya kuigombea Sahara hiyo vilifika mpaka kwenye mgodi wa Zouérat mwaka 1977 na treni zilishambuliwa, Mauritania ikajitoa vitani 1979, lakini mabomu ya ardhini bado yako maeneo ya mpakani. Kwa hiyo treni ikisimama katikati ya jangwa, na itasimama, maana reli ni moja na zinapishana, usishuke kwenda kutembeatembea. Haja ndogo malizia humo humo, tafuta kona na uangalie upepo unatoka wapi.

Asubuhi ndiyo unaona ulivyo. Weusi umeingia kwenye kucha, masikioni, kwenye mikunjo ya shingo, ukipiga chafya inatoka nyeusi. Waipsi zinapunguza tu, na usifikiche macho hata yakiwasha vipi, mwagia maji safi. Hewa inakuwa na unyevu, unaanza kusikia harufu ya bahari kabla hujaiona, halafu zinakuja nyumba na punda na magari mabovu. Abiria wanashukia stesheni iliyo nje ya mji, kuna magari yanasubiri, patana bei kwanza. Chumba cha kulala Nouadhibou tafuta chenye maji ya uhakika, waambie kabisa unatoka kwenye treni, wengine watakupa shuka za zamani na wako sahihi. Mimi nilioga maji yakawa yanatoka meusi muda mrefu sana, na nguo niliziacha pale pale.

Behewa tupu, yaani ukitokea Nouadhibou kwenda juu, nimelijaribu pia na silipendi. Unakaa chini kabisa kwenye sanduku la chuma, mchana linaunguza, huoni kitu ila anga, kelele mara mbili, na lile vumbi lililobaki linazunguka humo ndani halina pa kwenda. Kama una nafasi ya safari moja tu, chagua yenye mzigo kutokea Choum, usiku mmoja, inatosha. Kupandia Zouérat kwenyewe kunaongeza saa nyingi kwa mandhari yale yale.

Mwenye pumu au kifua chochote, tafadhali usipande juu ya mzigo, na mtoto usimpandishe kule hata kama umewaona wenyeji na watoto wao. Panda lile behewa la abiria la mkiani, lina msongamano na ndani giza, lakini una ukuta na paa na utafika Nouadhibou asubuhi ile ile na sisi. Na kuhusu ruhusa, uliza Choum hapo hapo siku hiyo, si kwa mtu wa hoteli mjini, muulize mtu wa reli mwenyewe, maana kuna vipindi wageni wanakatazwa kupanda juu ya madini. Akisema hapana kata tiketi ya behewa la abiria.