Niliagiza vitabu vya ndizi, nikaulizwa kama mimi ni mkulima au msomaji

Naanza na lililoniuma, maana nikianza na vitabu vyenyewe hasira itapoa, na sitaki ipoe kabla sijasema.

Kuna kijana yuko Dar es Salaam anauza vitabu vya mtumba kwa simu. Jina la biashara yake silitaji. Anapiga picha majalada, unachagua, unatuma pesa, kifurushi kinapakiwa kwenye basi. Mimi niko Mwanza. Vitabu vyake anavipanga kwa namna ambayo sijaiona kwa muuzaji mwingine: fungu la maembe, fungu la machungwa, fungu la ndizi. Yaani anaangalia jalada tu. Likitaja tunda, kitabu kinaingia kwenye fungu la tunda hilo, kiwe cha kilimo, kiwe cha siasa, kiwe hadithi. Nilipoona fungu la ndizi, vitabu vinne, sikuuliza mara mbili.

Mimi ni mtoto wa kibanja, Muleba. Asiyejua kibanja ajue ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na katikati ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna maharage. Chakula chetu kilitoka humo, ada yangu ya shule ilitoka humo. Kisha ukaja mnyauko. Majani yanakuwa ya njano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata mgomba unatoa utomvu wa njano kama usaha. Bwana shamba akasema wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, na sisi tunaubeba kwa panga. Ukishakata mgomba mgonjwa, panga lipitishe kwenye moto kabla hujagusa mwingine. Na lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe mapema, tena si kwa panga, kwa kijiti chenye panda. Mama alizunguka kibanja kizima na kijiti chake, anavunja maua, hasemi na mtu. Haikutosha. Tuling'oa zaidi ya nusu ya migomba.

Tangu wakati huo nimekuwa natafuta mtu wa kunieleza kuhusu ndizi. Si namna ya kupanda, hiyo naijua. Nataka kujua kwa nini mmea unaolisha watu wengi hivi unaangushwa kirahisi namna ile. Kwa hiyo nilipotuma pesa kwa yule kijana, nilituma kwa moyo.

Kifurushi kilichelewa, lakini kilifika. Vitabu vitatu vya ndizi kweli. Cha nne, kijitabu chembamba, hadithi kutoka Japani, jina lake Kitchen. Nikafungua, nikapekua, hakuna ndizi. Nikapekua tena. Ndizi iko kwenye jina la mwandishi tu: Banana Yoshimoto.

Nikampigia. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za kazi. Akajibu, "Eeh, sema." Mimi ni mtu mzima, sauti yangu inasikika kuwa ni ya mtu mzima, shikamoo sikuisikia. Sawa, nikapita. Nikamweleza kwamba kitabu kimoja kimeingia kwa makosa.

"Mama, si ulitaka ndizi? Soma jalada. Limeandikwa Banana."

"Hilo ni jina la aliyeandika, mwanangu."

"Sasa mama, wewe ni mkulima au msomaji? Kama ni mkulima, nenda kwa bwana shamba."

Akakata simu.

Nimeuza duka miaka mingi, nimejibiwa vibaya na wateja, nimejibiwa vibaya na watu wa ushuru. Hili limenikaa. Baba yangu alikuwa akitoka kibanjani na udongo kwenye miguu, anakaa chini ya mgomba na gazeti la juzi lililofungiwa sukari, analinyoosha kwenye goti, analisoma lote hadi matangazo ya vifo. Alikuwa mkulima au msomaji? Kijana anayekula kwa kuuza vitabu hawezi kufikiria kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili. Anadhani vitabu vina watu wake na majembe yana watu wake. Nilitaka kuandika hapa siku ile ile kwamba msinunue kwake kabisa, mwachieni mafungu yake yaozee ndani.

Sikuandika, kwa sababu usiku huo nilifungua kitabu cha Dan Koeppel kiitwacho Banana, na sikulala.

Jibu nililokuwa nalitafuta limo humo. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Tunapanda chipukizi, na chipukizi ni mgomba ule ule wa mama yake, haukuongezewa kitu wala kupunguziwa. Kwa hiyo shamba la migomba elfu ya aina moja ni kama mgomba mmoja uliosimama mara elfu. Ugonjwa ukijua kuuangusha mmoja, umejua kuiangusha yote. Nilikiweka kitabu kifuani nikamkumbuka baba akihamisha machipukizi ya enchoncho, aina ya ndizi zetu, aliyopewa na babu, ambaye naye alipewa. Urithi wetu ndio ulikuwa udhaifu wetu, na hakuna aliyetuambia.

Humo kuna habari ya ndizi iitwayo Gros Michel. Ndiyo iliyokuwa ikisafirishwa Ulaya na Marekani hadi ugonjwa wa Panama ulipoyamaliza mashamba makubwa ya Amerika ya Kati. Ni kuvu wa ardhini, ukiingia kwenye udongo unakaa miongo. Kufikia miaka ya 1960 kampuni zilikuwa zimehamia kwenye Cavendish, hii ndefu unayoiona kwenye maduka makubwa. Na sasa kuna aina mpya ya kuvu huyo inayoua Cavendish yenyewe. Afrika ilionekana kwanza Msumbiji, mwaka 2013. Msumbiji ni jirani zetu. Kitu kilichonisimamisha ni kwamba Wazungu wanaizungumzia Gros Michel kama marehemu, kumbe ndiyo bogoya ya Waganda! Nimeinunua mwenyewe Kampala, kwa mama aliyeketi chini na beseni, nikaila nikiwa nimesimama. Ni tamu kuliko Cavendish, na wala haijafa. Hapo nilitamani mwandishi angekaa kwetu muda mrefu zaidi. Kurasa za huku kwetu hazikunitosha.

Cha pili ni cha Peter Chapman, Bananas, kuhusu United Fruit, kampuni ya ndizi ya Marekani. Hiki nilikisoma kwa kusitasita, kinachosha moyo. Watu wa Amerika ya Kati waliiita kampuni hiyo pweza, na mtu wa pwani atalielewa jina hilo upesi: mikono kila mahali. Reli yake, bandari yake, simu zake. Mwaka 1928 wafanyakazi wa mashamba ya ndizi waligoma kule Ciénaga, Kolombia, wanajeshi wakawafyatulia risasi. Guatemala, rais Jacobo Árbenz alitaka ardhi iliyolala bila kulimwa igawiwe wakulima wasio na ardhi. Akasema kampuni italipwa, tena kwa thamani ile ile kampuni yenyewe iliyoandika kwenye karatasi za kodi. Thamani hiyo ilikuwa kama dola 627,000. Kampuni ikadai karibu dola milioni 16. Mwaka 1954 Árbenz akaangushwa kwa mkono wa Wamarekani. Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti, mume wangu akiwa anakula, akaacha kula. Wakati wa kodi ardhi haina thamani, wakati wa kuirudisha kwa wakulima inageuka dhahabu. Mchezo huo hata sisi tunaujua.

Cha Cynthia Enloe, Bananas, Beaches and Bases, yule kijana lazima alidhani ni cha bustani. Ni kitabu cha siasa za dunia, na swali lake ni moja tu: wanawake wako wapi? Kwenye ndizi anawaonyesha wanawake kwenye mabanda ya kuoshea na kufungashia, mikono ndani ya maji siku nzima, huku wanaopigwa picha wakikata mikungu ni wanaume. Na anamwonyesha Carmen Miranda, yule mwimbaji wa Brazili aliyecheza Hollywood na matunda kichwani, na jinsi kampuni ile ile ya United Fruit ilivyochora ndizi yenye sura ya mwanamke, Chiquita, mwaka 1944, ili mama wa Marekani aizoee. Kuna kurasa ngumu, Kiingereza chake kinataka uvumilivu, lakini nilipofika hapo nilimwona mama na kijiti chake. Ripoti ya bwana shamba iliandikwa jina la baba.

Sasa kile cha Kijapani. Nilikuwa nimekiweka juu ya kabati ili nikirudishe, hata kama ni kwa nauli yangu. Kikakaa hapo wiki kama tatu. Siku moja umeme ulikatika, vingine nimevimaliza, nikakichukua nikikichukia.

Msichana anaitwa Mikage. Bibi yake, mtu wake wa mwisho duniani, amefariki, naye hawezi kulala popote isipokuwa jikoni, chini, pembeni ya friji, kwa sababu ile sauti ya friji inamliwaza. Mbele huko anakula chakula kitamu kwenye mgahawa usiku, anamkumbuka rafiki yake aliyefiwa, anaagiza sahani nyingine, anapanda nayo teksi usiku huo huo, safari ndefu, ampelekee ikiwa bado ya moto. Hakuna mkutano, hakuna hotuba. Chakula tu. Mama alipofariki, jirani yetu mmoja alileta ndizi na maharage kwenye sufuria iliyofungwa kanga, akaiweka jikoni, akaondoka bila kugonga. Sikuwahi kuusimulia usiku ule hadi leo ninapoandika.

Nikatafuta kwa nini mwandishi anajiita Banana. Jina lake la kuzaliwa ni Mahoko. Hilo lingine alilichagua kwa sababu anapenda maua ya mgomba. Maua! Yale yale tuliyokuwa tukiyavunja kwa kijiti na kuyazika. Sijawahi kulitazama ua la mgomba kama ua. Kwetu lilikuwa kitu cha utani wa watoto, halafu likawa kitu cha kuogopa. Niliporudi Muleba nilisimama chini ya mgomba mmoja uliobaki, nikalifunua lile gamba la zambarau kwa kidole. Ndani kuna safu ya vidole vyembamba vya njano, na nyuki mmoja alikuwa amejaa unga. Nikalitazama. Kisha nikalivunja, maana lazima livunjwe.

Kwa hiyo nisemeje kuhusu huduma? Vitabu ni vizima, hakuna ukurasa uliotoka, bei ni ya haki, na fungu lile lililopangwa kwa jina la tunda limenipa kitabu ambacho nisingekigusa maisha yangu yote. Lakini msinifanye nimshukuru. Hakukichagua kwa ajili yangu, aliona neno akakitupia humo, na nilipouliza kwa adabu akanifukuza kama mbuzi aliyeingia dukani. Nilikuwa nimeamua kumpa alama ya chini kabisa. Leo naona ni nyingi kwa ulimi wake na chache kwa vitabu vyake, sijui niweke ipi.

Juzi ametuma picha ya kingine, Banana Cultures cha John Soluri, kinahusu mashamba ya Honduras na walaji wa Marekani. Nakitaka. Chini ya picha ameandika bei na neno "kipo". Salamu hakuna. Pesa iko kwenye simu tangu juzi, na akinisalimia nitaituma.