"Msimbo umetumwa": uzoefu wangu na mlango wa gemu usiofunguka

Nyota moja. Sufuri ingeruhusiwa ningeitoa, lakini ukurasa wao wa maoni haukubali chini ya moja.

Gemu lenyewe silisemi vibaya. Anayetaka kujua lina picha za namna gani na linakula bando kiasi gani atafute mwenyewe. Ninachokipima hapa ni mlango: unaandika barua pepe na nenosiri, skrini inakwambia bila haya kwamba msimbo wa kuthibitisha kuwa ni wewe umetumwa, na chini yake visanduku sita vitupu vinakutazama. Vilinitazama siku kadhaa, karibu wiki. Akaunti ni ya mtoto wa ndugu yangu, na kila baada ya magharibi wimbo ni ule ule: "Ami, haujaja bado."

Kilichonipandisha mori si msimbo. Mitambo hukwama. Ni jibu. Kwanza, ili ufungue tiketi ya kuomba msaada lazima uwe umeingia kwenye akaunti. Yaani ili usaidiwe kuingia, ingia. Ukizunguka sana utakuta kiungo kidogo chini kabisa ya ukurasa kinachofungua dirisha la mazungumzo kwa walioko nje. Nikaeleza kwa utulivu: barua pepe ni hii, msimbo haufiki, barua taka nimeshapekua. Mhudumu akanijibu nihakikishe kwamba nina intaneti. Sasa mimi nilikuwa nazungumza naye kwa njia gani, kwa chupa niliyoitupa baharini pale Shela, hapa Lamu? Kabla sijamaliza kuandika, akaifunga tiketi kuwa imetatuliwa, akaniarifu kwamba maelezo zaidi yametumwa kwenye barua pepe yangu. Ile ile.

Basi aliyopaswa kuyasema yeye nayasema mimi, maana simu za ugonjwa huu hapa mtaa wa Langoni huletwa mezani kwangu kila uchao na sababu zake zinajulikana.

Kabla ya kugusa kitu, soma mstari mdogo ulio juu ya visanduku. Huwa unaonyesha msimbo umepelekwa wapi, umefichwa kwa nyota: herufi ya kwanza ya barua pepe, au tarakimu mbili za mwisho za simu. Watu wengi hukodolea macho SMS na kumbe msimbo umeenda kwenye barua pepe. Linganisha herufi na tarakimu hizo na zako. Zisipolingana, acha kusubiri, haupo njiani kuja kwako. Akaunti nyingi za vijana zilifunguliwa na kijana wa saiba kwa anwani yake mwenyewe ili kazi iishe haraka, na nyingine zilinunuliwa mkononi pamoja na barua pepe ya mwenyewe wa kwanza. Hiyo ya kununua usihangaike nayo. Masharti ya makampuni mengi yanakataza akaunti kuuzwa, na msaada wao watampa aliyeifungua.

Msimbo ukiwa ni wa SMS, kitu cha kwanza hapa Lamu ni nyumba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu dhiraa nzima, na chumba cha ndani kiko mbali kabisa na daka, baraza la mlangoni. Simu iliyowekwa kwenye kidaka cha ndani inashika kamstari kamoja kanakokuja na kupotea. SMS haitaki bando wala mawimbi mengi, ila inataka simu iwe imejisajili kwenye mnara wakati ujumbe unapofika. Isipopatikana, kituo cha ujumbe cha mtandao huuweka na kujaribu tena baadaye. Ndiyo maana misimbo minne huingia kwa mkupuo mtu anapotoka kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, yote imekwisha muda. Panda juu penye makuti au keti dakani, washa hali ya ndegeni, hesabu mpaka thelathini, izime. Simu ikijisajili upya, mtandao unajua kwamba umepatikana na unausukuma ujumbe uliolala. Ikigoma, ilazimishe kutumia 2G peke yake kwa dakika chache; simu inayorukaruka kati ya 4G hafifu na 3G huwa haipatikani katikati ya kuruka.

Nambari nayo iangalie. Ukishachagua Kenya, +254 imeshakaa, kwa hiyo unaanza na 7 au 1 na sufuri unaiacha. Laini zinazoanza na 01, ambazo zilianza kutolewa 2019, zina shida yao: mifumo mingine ya ng'ambo ina orodha za zamani na haizitambui kuwa za simu ya mkononi. Mingine hukataa wazi, mingine hupokea na kunyamaza. Ukiwa nazo mbili, isajili ya 07. Aliyewahi kuzima ujumbe wa matangazo, kwa Safaricom menyu yake ni *456*9*5#, airuhusu kwa muda, kwa sababu msimbo uliotumwa kupitia jina lililosajiliwa kwa matangazo utazuiwa pamoja na matangazo. Na kama Truecaller ndiyo inayopokea SMS zako, au Messages ya Google, fungua folda ya barua taka na zilizozuiwa. Simu iliyojaa kabisa picha na video nayo hukataa SMS kimya kimya. Futa, kisha izime na kuiwasha.

Sasa hili naomba lisomwe taratibu, kwa kuwa ndilo linalowaua wengi: usibonyeze "tuma tena" kama unayegonga mlango wa mdaiwa. Kwa kawaida msimbo mpya ukizaliwa ule wa kwanza unakufa. SMS hazina ahadi ya kufika kwa zamu; wa tatu unaweza kutangulia wa pili. Unaandika ulioingia sasa hivi, mfumo unasema si sahihi, unabonyeza tena, na baada ya majaribio kadhaa mfumo unakufungia kwa kukuona mwizi. Kuna inayofunga saa moja, kuna inayofunga siku nzima, na mingine inaendelea kukuandikia "umetumwa" hali imeshaacha kutuma. Bonyeza mara moja, acha dakika kumi zipite, tumia ulio mpya kuliko yote. Umefungiwa? Ondoka kabisa hadi kesho. Kila ukirudi kuchungulia, huenda muda wako ukaanza kuhesabiwa upya.

Wenye programu ya kuzalisha misimbo, ile inayobadilisha tarakimu sita kila sekunde 30, shida yao haihusiani na mtandao hata kidogo. Programu ile haipokei kitu. Inakokotoa kutokana na siri iliyohifadhiwa ndani yake na saa ya simu. Saa ikikosea dakika mbili tu, kila msimbo ni batili. Na nani anayechezea saa? Hao hao vijana wanaosogeza tarehe mbele ili gemu lingine liwape uhai wa bure bila kusubiri. Nimeona hata simu iliyowekwa saa ya Kiswahili kwa mkono, inasoma 2:00 wakati ni 8:00 asubuhi. Kwa adhana hakuna tatizo, mwenyewe hachanganyikiwi, lakini kwa msimbo hizo ni saa sita za makosa. Nenda kwenye mipangilio, tarehe na saa, washa ya kiotomatiki pamoja na eneo la saa la Nairobi. Aliyepoteza simu hana budi kuwa na misimbo ya akiba aliyopewa siku ya kuwasha ulinzi. Kwa Steam, lile duka la gemu za kompyuta, kwa mfano, msimbo wa kurejesha unaanza na R ikifuatwa na tarakimu tano. Huo uandikwe kwenye daftari. Ukiupiga picha na kuuacha kwenye simu ile ile, simu ikizama baharini umezama nao.

Yetu sisi ilikuwa ya barua pepe, na hapa nalazimika kumeza maneno kidogo.

Kwenye Gmail, usiishie kutazama folda ya barua taka. Andika in:anywhere kwenye sehemu ya kutafutia, ikifuatwa na jina la gemu. Hiyo inapekua mpaka tupio. Fungua kwa kivinjari, maana programu ya simu ikizimiwa usawazishaji au ikibanwa na kiokoa betri huleta barua saa mbili baadaye. Angalia pia rundo: barua zenye kichwa kimoja hukusanywa pamoja na iliyo mpya iko chini kabisa, kwa hiyo anayekimbilia ya juu ananakili msimbo wa juzi. Kisha fanya jaribio hili moja, lingeniokolea siku zote zile: mwambie mtu akutumie barua kutoka anwani nyingine. Ikifika, sanduku lako ni zima na kosa liko kwao. Ikimrudia, soma alichoandikiwa.

Ilimrudia. Sanduku limejaa. Akaunti ya bure ya Google ni GB 15 kwa kila kitu kwa pamoja, barua, Drive na picha, na tangu 2024 nakala za WhatsApp kwenye Android nazo zinahesabiwa humo. Mtoto alikuwa na makundi ya WhatsApp yaliyojaa video za mpira, nakala ikipandishwa kila usiku. Hakuna aliyemwambia kwamba zile video zilikuwa zinamla sanduku la barua. Likijaa, Google inaikataa kila barua inayokuja, kwa jibu la 452 4.2.2, yaani sanduku limejaa, mpaka upunguze. Zima video kwenye nakala ya WhatsApp, futa barua nzito kwa kutafuta larger:10M, halafu umwage na tupio, kwani kilichoko tupioni bado kinahesabiwa.

Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa letu. Nikaona nimewaonea, nikazipandisha nyota zikawa tatu. Watu wa kampuni wangejuaje kwamba sanduku la mtoto wa Lamu limejaa?

Halafu nikakaa nikafikiri, mori ukarudi umekuja na wenzake. Walijua! Barua ikikataliwa, aliyeituma ndiye anayeambiwa. Jibu lile la 452 lilifika kwenye mtambo wao kila mara, na bado skrini yao ikatuandikia "umetumwa". Na kibaya zaidi: tulimwaga GB nzima nzima, barua ya jaribio ikaingia kwa sekunde mbili, misimbo ikawa haiji vilevile.

Hii ndiyo sehemu ambayo wahudumu wengi hawaijui. Makampuni makubwa hayatumi barua yenyewe, hupitisha kwa watoa huduma wa barua pepe, na hao huweka orodha ya kuzuia. Anwani iliyorudisha barua hutiwa humo ili wasiharibu jina lao kwa kugonga masanduku mabovu. Wengine husamehe la kujaa, wengine wakishaona limejirudia hawasamehi. Anayetumia Yahoo au Outlook na aliyewahi kubonyeza "barua taka" kwenye tangazo la gemu naye anaweza kutumbukia humo humo, kwa sababu lalamiko hilo hurudishwa kwa mtumaji. Ukishaingia kwenye orodha, barua haijaribiwi hata kutumwa. Unaweza kusafisha sanduku mpaka ling'ae, hakitakuja kitu, na hutaona alama yoyote upande wako. Anayeweza kukutoa ni wao tu.

Kwa hiyo usiwaambie "msimbo hauji". Ukisema hivyo utaulizwa habari za intaneti. Waambie hivi: angalieni kama anwani hii imo kwenye orodha ya kuzuiwa kutumiwa barua, iondoeni, kisha tumeni msimbo mmoja. Taja jina la akaunti, saa uliyojaribu pamoja na kwamba ni UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, aina ya simu, na nambari ya risiti ya kitu cha kwanza ulichonunua ndani ya gemu, kwa sababu hiyo mwizi hana. Nenosiri usilitaje, wala msimbo wowote; mhudumu wa kweli haombi. Wale wa Telegram wanaorudisha akaunti kwa mia tano watakuomba vyote viwili.

Mhudumu wa pili, mwingine kabisa, alielewa kwa sentensi moja. Hakunijibu maneno mengi: ameiona, ameitoa, nijaribu. Bibi au bwana yule, popote alipo, Mungu ampe. Dakika moja na anwani ikafunguliwa. Kwake yeye ningetoa nyota tano, na kwa ajili yake nilikuwa nimeshaamua kuandika nne. Tatu na nusu, ikiwezekana. Kisha nikakumbuka kwamba ile kazi ya dakika moja ilituchukua karibu wiki kwa kuwa wa kwanza alitaka kujua kama nina intaneti.

Mtoto akaingia, akabadilisha anwani, tukawasha programu ya misimbo na saa ikiwa ya kiotomatiki, na misimbo ya akiba kumi akainakili kwa kalamu kwenye daftari la shule. Kabla ya hapo, lakini, barua ya kwanza kabisa kuingia kutoka kwao baada ya anwani kufunguliwa haikuwa msimbo. Ilikuwa inaniomba nipime huduma niliyopewa na mhudumu wa kwanza. Nilibonyeza mbili. Nikafika mpaka mlangoni, nikarudi, nikabonyeza moja.