Biblia Nzima kwa Mwaka: Moja kwa Moja au kwa Kuchanganya?

Vitabu 66, sura 1,189: sura tatu au nne kwa siku, mwaka unatosha. Ukianza Mwanzo ukaenda moja kwa moja hadi Ufunuo, unaiona hadithi ikijengeka. Ukifika Waebrania, dhabihu za kitabu cha Walawi bado unazikumbuka. Tatizo ni hao hao Walawi. Wengi tumekwama pale, kwenye sheria za ukoma, kabla hata ya Machi.

Mpango wa mchungaji Mskoti Robert Murray M'Cheyne wa 1842 unachanganya: sura nne kwa siku kutoka sehemu mbalimbali, Agano Jipya na Zaburi mara mbili kwa mwaka. Hauchoshi, ila mawazo hurukaruka. Anayeanza namshauri achanganye. Siku zikimpita, aendelee na ya leo. Viporo huua nia.